Halwa ya Kaizari Yuliano

Sleyum alikuwa keshakula matonge mawili ya halwa na keshasema "Mola amrehemu" kabla hajauliza nani kafa.

"Yuliano," nikamjibu. "Kaizari wa Rumi. Leo ndiyo siku aliyouawa vitani, huko Iraki."

"Muislamu?"

"Alikufa kabla ya Uislamu."

"Mnasara, basi."

"Alikuwa. Akauacha unasara, akafungua upya mahekalu ya masanamu."

Sleyum akaitema halwa kwenye leso yake. "Astaghfirullah! Nimemuombea rehema kafiri, Harub, barazani kwako!"

Harub, mwenye nyumba, akaweka kikombe cha kahawa chini. Ni shemegi yangu, kamuoa dada yangu Masouda. Tangu mimi kutoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi, miaka mitatu sasa, nnakaa kwake. Maskati nzima sina mlango mwengine wa kubisha.

"Shemegi, sema unatania."

"Sitanii. Halwa nimeinunua mwenyewe, kwa ajili yake."

"Unamtukuza muabudu masanamu?"

"Masanamu yake siyataki. Nnaswali swala tano kama nyinyi. Lakini habari zake nilizisoma Unguja, shule ya usiku, baada ya kushinda forodhani kutwa nzima. Alipokalia kiti tu alitoa amri: waliohamishwa makwao warudi. Maaskofu waliofukuzwa, watu wasiotaka hata kuyasikia masanamu yake, wote warudi. Haya nambieni, sisi tuliotoka Unguja nani katutolea amri kama hiyo?"

Kisha Sleyum akacheka kwa puani.

"Hila hiyo, yakhe. Alitaka wakifika kwao wagombane wenyewe kwa wenyewe."

"Labda. Lakini walilala makwao."

Sleyum akainuka, akavaa viatu. Ulimi wake unafika sokoni kabla yake, na Harub analijua hilo.

"Mahfoudh," akasema Harub, na jina langu halitaji ila akiwa kakasirika, "useme mbele ya Sleyum kuwa umekosea, au utoke nyumbani kwangu."

Nikaingia ndani, nikatia nguo zangu na kitabu changu cha tarikhi katika sanduku. Masouda alinishika kanzu akilia. Nikaichukua na sinia ya halwa, maana ni yangu, nikatoka.

Sikwenda mbali. Niliweka sanduku kwenye kichochoro, mbele ya mlango wa Harub, nikakaa juu yake. Ilikuwa mwezi wa sita, na ukuta nyuma yangu ulikuwa moto kama tanuri. Kila aliyepita aliuliza, na kila aliyeuliza nilimkaribisha.

"Mzee Mahfoudh, kulikoni?"

"Karibu halwa. Ya Kaizari Yuliano, aliyewarudisha watu makwao. Mimi shemegi yangu kanitoa leo."

Wengine walikula, wengine walikimbia. Wote walikwenda kusimulia.

Mlango ukafunguka kidogo. "Kaka," Masouda akanong'ona, "ingia, joto litakuua."

"Hukunitoa wewe. Aje aliyenitoa."

Ukafungwa. Nikasikia sauti yake huko ndani, kali, ambayo sijaisikia tangu utoto wetu. Kisha Harub akatoka, kofia mkononi.

"Ingia, shemegi. Watu wanatutazama."

"Na Yuliano?"

"Wallahi utaniua wewe!"

"Na Yuliano, Harub? Nikiingia nikamkana, nimeingia kuomba msamaha. Sina la kuombea msamaha."

Akatazama huku na huku. Madirisha yote ya kichochoro yalikuwa wazi.

"Ingia naye," akasema. "Lakini masanamu yabaki nje."

"Masanamu sikuja nayo."

Akashika mkono mmoja wa sanduku, mimi nikashika wa pili, sinia nimeikumbatia kifuani. Kizingitini akasimama, akamega halwa kwa vidole viwili, akaitia kinywani.

"Sleyum asijue," akasema.

"Atajua," nikamwambia. "Mwakani nitamualika mwenyewe."