Mbono wa Njia ya Diaca

Toka Mocímboa mpaka kukaribia Diaca, Umi hakufunga mdomo nyuma ya pikipiki. "Taratibu, mwanangu. Hapana, kaza mwendo. Kichuguu kile? Siyo kile." Amisse, dereva, alijibu "naam, mama" kwa kila kitu, maana abiria mwenye furaha habishiwi.

Miaka minne Umi aliingoja safari hii. Walipokuwa wakikimbia vita, mama yake, Bi Mwanawetu, alimfia njiani, wakamzika harakaharaka kando ya barabara, bila jiwe wala ubao. Umi alikata kijiti cha mbono akakichomeka kichwani pa kaburi. Mbono hauna makuu: ukiuchomeka unashika, mbuzi hawaugusi, na mtu wa kwao akiuona umesimama porini anajua chini amelala mtu. Lakini kilichomnyima Umi usingizi ni kingine. Bi Mwanawetu alikuwa hawezi kula peke yake. Hata kiporo cha ugali alikibeba akakile kwa jirani. Na binti yake ndiye aliyemwacha porini, hana wa kumsemesha.

"Simama hapo, Amisse. Simama."

Alishuka pikipiki haijatulia, kanga ikanasa kwenye tairi nusura imwangushe. Mbono ulikuwa umempita kimo, umechanua vishada vya maua ya manjano, nyuki wanauvamia.

"Ndio huu. Wallahi ndio huu."

"Na ule je, mama?" aliuliza Amisse.

Nyuma ya mbono huo palikuwa na mwingine. Na mwingine. Wakahesabu mibono tisa, kila mmoja kichwani pa tuta la kaburi, yote imechanua. Umi akaitazama mmoja baada ya mwingine. Upi wa mama?

"Waliopita baada yenu walikiona kijiti chako," Amisse alisema polepole. "Wakajua hapa panazikwa. Wakazika watu wao."

Umi alizunguka tuta hadi tuta, kisha kicheko kikamtoka pamoja na machozi. "Mama huyu," alisema. "Kumbe kapata majirani."

Alikuwa amechukua chupa moja ya maji, ya kunyunyizia kaburi moja. Akaanza na lililo karibu, akayagawa tone kwa tone mpaka la tisa, kila moja na salamu yake. Hakujua ni lipi la mama yake, na hakuuliza tena. Bi Mwanawetu mwenyewe asingekubali kunywa peke yake.