Oili Inayoosha

Fundi Fakihi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiinua juani ili Mwalimu Dickson aone mwenyewe. Oili ilikuwa nyeusi, tena imeishia chini ya alama.

"Inakula oili, mwalimu," alisema. "Gari limeshatembea kilometa laki tatu na ushee. Sasa amua. Nikuwekee hii ya kawaida, nzito, au sintetiki?"

Mwalimu Dickson alikuwa mstaafu, na hakuwa mtu wa kuamua haraka. Aliuliza tofauti yake ni nini.

"Nzito inafunika. Injini iliyolika inatulia, kelele zinapungua, uchafu unabaki ulipo. Sintetiki ni nyepesi, inapenya kila mahali na inaosha. Gari litavuta vizuri mlimani. Ila kwa gari la umri huu, masizi ndiyo yaliyoziba nyufa za sili, ile mipira inayozuia oili. Ukiyaosha linaweza kuvuja."

Mlima ndio uliomwamulia. Binti yake Grace alikuwa Newala na mimba yake ya kwanza, mumewe yuko machimboni Tunduru, na kila Jumamosi Dickson alipanda kutoka Masasi kwenda kumwona. Siku uchungu ukimshika, gari ndilo lingempeleka hospitali. Wiki iliyopita lilimzimikia kwenye kona, akashuka mbio kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu.

Jambo moja tu lilimfanya asite. Shemeji yake Anthony, kaka wa mkewe Rose, ndiye aliyewaachia gari hilo, na siku anamkabidhi funguo alimwambia, "Mimi nimeliendesha miaka yote kwa oili nzito. Usije ukabadilisha. Hizi mpya zinaosha." Anthony alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache. Dickson alidhani ni ukale tu.

"Weka sintetiki," akasema.

Asubuhi yake Rose alitoka kufagia uwanja, akakuta doa la oili chini ya gari. Lilikuwa unyayo. Mguu wa kulia, peku, mdogo, wa mwanamke, kidole cha mwisho kimempanda mwenzake. Rose aliufukia kwa mchanga akaendelea kufagia.

"Gari lako linavuja," alimwambia mumewe wakati wa chai.

Kesho yake kulikuwa na unyayo wa kushoto mbele ya pale palipofukiwa. Siku iliyofuata ukaja mwingine wa kulia. Zote zilielekea nyumbani, hakuna hata mmoja uliogeuka kurudi. Dickson alimwita Fakihi, naye fundi akainama, akatazama chini ya injini, kisha akatazama nyayo.

"Sili ya nyuma," alisema. "Hiyo ndiyo shida ya sintetiki. Kilichoganda kinatoka. Sili mpya niagize Dar, lakini itachukua muda."

Dickson aliweka beseni chini ya gari. Asubuhi beseni lilikuwa kavu, na unyayo uko barazani. Akafunga mlango kwa komeo na kuusogezea meza. Asubuhi meza ilikuwa palepale, komeo palepale, na unyayo uko ndani, kwenye mkeka. Tangu hapo hakuwa akishusha miguu kitandani mpaka Rose afungue mapazia. Alikuwa anaogopa kukanyaga oili mbichi. Chakula kilimshinda, na alipokuwa akioga aliacha mlango wazi kidogo ili asikie kama kuna mtu sebuleni.

Jumamosi alikwenda Newala kama kawaida, maana Grace alikuwa anamsubiri. Alisimama Chiungutwa kumnunulia mapapai. Aliporudi garini alikuta wanawake wauza matunda wamejipanga kando ya barabara wakitazama chini. Nyayo zilikuwa zimetoka chini ya gari, zikaenda hadi kwenye mtaro, zikaishia hapo.

"Huyu Mwanasha," alisema mmoja wao, kama mtu anayemtambua jirani kwa mbali. "Kidole chake kile. Kamwiteni mama yake."

Mama huyo aliitwa Rahima. Alikuja na jembe begani, akasalimiana na Dickson, akaulizia safari. Kisha akapiga magoti, akapima unyayo kwa kiganja.

"Ni yeye," alisema. "Aligongwa hapa, mwalimu, msimu wa korosho wa mwaka juzi, jioni, anatoka mashineni kusaga. Gari halikusimama. Alikuwa mtaroni hadi kunakucha. Nyumba ile pale walimsikia, wakadhani ni mnyama. Daktari alisema angewahiwa angepona." Alijipangusa mchanga magotini. "Gari hili ulilipata kwa nani?"

Dickson alihesabu miaka. Msimu wa korosho wa mwaka juzi gari lilikuwa la Anthony.

"Kwa mtu," alijibu.

Rahima hakumbana. "Usiimwage hiyo oili," alisema. "Maadamu anatembea, mwache afike anakokwenda."

"Siimwagi, Mama Mwanasha. Nakuahidi."

Aliporudi Masasi, nyayo zilikuwa zimeshafika sebuleni. Mbili, sambamba, zimesimama mbele ya kiti cha dirishani. Katika nyumba ile kiti hicho kilikuwa cha Anthony. Kila Jumapili akitoka ibadani hukaa hapo kusubiri chakula.

Na Jumapili Anthony alikuja. Aliingia, akavua kofia, akaziona. Akavuta kiti kingine akakaa mbali na dirisha.

"Nilikwambia uweke nzito," alisema.

"Shemeji, uligonga mtu?" Dickson aliuliza.

"Mvua ilikuwa inanyesha. Nilidhani mbuzi."

"Ulishuka kuangalia?"

Anthony alizungusha kofia mapajani. "Sikushuka."

"Alikuwa mzima hadi asubuhi. Mama yake yupo. Tungekwenda wote, ukamwambia mwenyewe."

"Nimwambie nini? Mtu ameshazikwa." Akainua sauti kidogo kuelekea jikoni. "Rose, chakula tayari?"

Rose alikuwa amesimama mlangoni na sinia la ugali. Alikuwa amesikia yote. Aliliweka mezani, akamnawisha kaka yake mikono kwanza, kisha mumewe.

Anthony alipoondoka, Rose alisema, "Grace asingesoma bila yeye, Baba Grace. Unajua." Dickson alijua. Alisema atafikiri. Kusema kweli alikuwa anaomba Mungu nyayo zimfuate Anthony kwake, jambo hilo limalizike bila yeye kutia mkono.

Hazikumfuata. Jumatatu asubuhi Rose alifungua mapazia, akanyoosha kidole sakafuni. Dickson alichungulia ukingoni mwa kitanda. Nyayo zilikuwa upande wake, mbichi, vidole vyake vimeelekea pale alipolaza kichwa. Alielewa kwamba tangu jana yeye naye alikuwa mtu anayejua, na Mwanasha hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Aliteremkia upande wa mkewe, akavaa suruali, akatoka viatu mkononi, akalipeleka gari gereji kabla ya chai.

Anthony alikuwa ameshafika bila kuitwa, amekuja na galoni la oili nzito na galoni lingine tupu. Fakihi alifungua nati ya chini. Oili ilitoka taratibu, nyeusi tii, na ilipokaribia kuisha ilitoa mlio mwembamba ambao Fakihi alisema ni hewa. Anthony alisubiri tone la mwisho, akafunga galoni mwenyewe, akaondoka nalo. Dickson hakuuliza linakwenda wapi.

Kuvuja kulikoma siku hiyohiyo. Rose aliisugua sakafu kwa sabuni ya unga, ikatakata. Jumapili Anthony alisoma matangazo kanisani, akaja kula, akakaa kiti cha dirishani.

Grace alijifungua salama, mtoto wa kike. Dickson alipokuwa akipanda peke yake kwenda kumwona, Rahima alimpungia mkono pale Chiungutwa. Angeweza kupita. Mguu wenyewe ulikanyaga breki. Rahima alikaa nyuma, akampa hongera ya mjukuu, kisha akainama na kuweka kiganja kwenye sakafu ya gari, kama mtu anayempima mtoto homa. Walikwenda hivyo. Dickson alimwona kwenye kioo na hakuthubutu kutazama mara ya pili.

"Mwalimu," alisema Rahima, "umeweka oili gani sasa?"

"Nzito, Mama Mwanasha."

Rahima aliondoa mkono sakafuni.

"Basi nishushe hapa."

Palikuwa porini, hakuna nyumba wala njia. Dickson alisimama. Rahima alishuka, akafunga mlango polepole kama anayemwacha mgonjwa amelala, akaanza kurudi kwa miguu kando ya barabara, akitazama chini.