Mgongo wa Mzee Kaimenyi

Siku sita za juma Kagwiria alikuwa akipima maua ya waridi katika shamba moja huko Timau. Shina lililonyooka liliwekwa kwenye ndoo ya kuuzwa Ulaya, lililopinda lilitupwa. Jumapili, baada ya ibada, alijifunza kuchora watu katika ukumbi wa kanisa. Wazee wa kanisa waliukubali mchezo huo kwa sharti moja: anayekaa kuchorwa asivue hata soksi.

Mwezi huo aliyekaa kwenye kiti alikuwa baba yake, Mzee Kaimenyi. Presha ya macho ilikuwa inamla polepole, na daktari alishasema kwamba Krismasi haitamkuta akiona. Kagwiria alitaka kitu kimoja tu: baba ajione kwa mkono wa bintiye kabla ya giza.

"Kichwa ndicho kipimo," alisema Mwalimu Bundi, aliyewafundisha kuchora. "Mtu mzima akisimama ni vichwa saba na nusu. Akikaa, pima upya."

Kagwiria alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapima kwa penseli. Vipimo vilitoka sawasawa. Lakini mazoea yana taabu. Mgongo wa mzee, uliopindwa na miaka arobaini ya jembe, ulifika kwenye karatasi umenyooka kama mlingoti.

Mzee aliisogeza karatasi hadi puani. "Naona utando wa buibui," akasema. "Na huyu ni kijana. Mimi niko wapi?"

Kagwiria aliumia, wala hakuficha.

Jumapili iliyofuata Bundi alimnyang'anya penseli, akampa kipande cha mkaa. "Wachana na mistari. Finya macho, halafu chora giza peke yake."

Akafinya macho. Ukumbi ukayeyuka. Ukungu wa mlimani ulikuwa umejaa madirishani, viti vikaelea, na baba yake akawa kilima chenye upande wa jua na upande wa kivuli. Kumbe ndivyo anavyotuona, aliwaza, na kwa mara ya kwanza hakumwonea huruma. Kulikuwa kuzuri huko. Alikandamiza mkaa chini ya nundu, kwenye shingo, kwenye mashimo ya mashavu. Mkono ulitaka kunyoosha. Akaukatalia.

Mzee alipopewa karatasi hakuileta puani. Aliishika mbali kidogo, akaitazama mpaka Bundi akaanza kukohoa.

"Huyu ni baba yangu," Mzee akasema. "Alikuwa anakaa hivi akitoka kulima. Wewe ulimwona wapi?"

Babu huyo alikufa kabla Kagwiria hajazaliwa, na hakuacha picha.

"Ni wewe, Baba."

Mzee aliupitisha mkono hewani juu ya ule weusi, bila kuugusa.

"Nilikuwa nimeshamsahau," akasema. Kisha akaomba asogezwe karibu na dirisha, amtazame vizuri wakati mwanga bado upo.