Aliyeiba Globu ya Jiografia

Nilirudi kutoka kwenye semina ya fikra tunduizi nikiwa mtu mwingine. Angalau mimi nilijiona hivyo. Walimu wenzangu wanasema nilirudi yuleyule, ila nilikuwa nimejifunza kutembea mikono nyuma na kuuliza "unajuaje?" hata nikiambiwa chai imeisha.

Nafundisha Uraia kidato cha pili, kwenye shule moja ya kutwa pale Kawajense, mjini Mpanda. Wanafunzi wangu ni mafundi wa kukariri. Ukiwauliza maana ya haki watakupa maneno ya kwenye daftari na kukohoa mahali nilipokohoa mimi wakati nawaandikisha. Semina ilisema dawa yake ni mafumbo na michezo. Nikajaribu fumbo la kuvusha chui, mbuzi na majani, wakalijibu kabla sijamaliza kuchora mto, kwa sababu walilijua tangu shule ya msingi. Nikaamua kutunga mchezo wangu mwenyewe, ambao jibu lake lilikuwa kichwani mwangu tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Globu ya jiografia ingetoweka ofisini, na kidato cha pili wangemtafuta mwizi kwa ushahidi. Mwizi angekuwa Mwalimu Eustace wa hesabu, mtu mnene na mpole, ambaye alikubali kwa sharti moja kwamba asisumbuliwe wakati wa kula. Asubuhi na mapema niliichukua globu, nikaitia kwenye gunia na kuizungushia magunzi ili umbo lake lisionekane. Nikalifunga gunia vizuri na kulisimamisha stoo ya jikoni, kando ya magunia ya mahindi. Halafu nikaning'iniza skafu ya Eustace kwenye dirisha la ofisi. Mwisho nikachukua viatu vyake vya akiba, nikainama chini ya dirisha na kugandamiza nyayo kwenye udongo kwa mikono yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, nyayo zikatoka safi. Nilisimama pale nikajisifu kimoyomoyo.

Kidato cha pili walitawanyika na kalamu zao. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwatazama kama mzazi siku ya mahafali. Baada ya muda wakarudi darasani, na Emelyne akasimama. Ni binti wa Katumba, anakaa kwa shangazi yake hapa mjini, na huwa anatanguliza pole kabla ya kumwambia mtu jambo baya.

"Pole mwalimu," alisema. "Tumeona nyayo za Mwalimu Eustace, lakini yeye hakuzikanyaga."

"Kwa nini?"

"Hazijazama. Haidari ni mwembamba, amekanyaga palepale akazama zaidi. Tena zinakwenda dirishani tu, hazirudi. Kama aliingia kwa dirisha na kutokea mlangoni, mbona kufuli liko salama?"

Haidari akadakia. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi sokoni, na kwa mambo ya kufuli hakuna anayembishia. "Lile halijaguswa, sir. Limefunguliwa kwa funguo yake. Funguo anayo Mkuu, na nyingine unayo wewe. Na Mkuu jana alilala Kibaoni kwenye msiba, amefika saa hizi."

"Kwa hiyo mwizi ni wewe, mwalimu," alimalizia Emelyne.

Niliwaeleza kwa upole kwamba wamejitahidi, lakini jibu sahihi ni Mwalimu Eustace.

"Nani ameitoa globu ofisini kwa mkono wake?" aliuliza Emelyne.

"Mimi," nilisema.

Hakuna aliyecheka. Walinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ilinikera. Nikasema basi, mchezo umeisha, nakwenda kuileta. Darasa zima likanifuata hadi stoo. Gunia langu halikuwepo. Magunia ya mahindi nayo hayakuwepo. Hata mpishi wetu, Minza, hakuwepo.

Wakati nimesimama katikati ya stoo tupu, Mkuu wetu, Madam Mwanahija, akatokea mlangoni. Alikuwa anaitafuta globu, kidato cha kwanza walikuwa wanaisubiri. Nikamweleza. Ukisimulia mbele ya Mkuu wako jinsi ulivyoiba mali ya shule kwa ajili ya elimu, utashangaa semina inavyokosa msaada.

"Sasa iko wapi?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo bado linaniuma. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kugawana naye. Nikasema, "Madam, gunia halipo na mpishi hayupo. Mambo yako wazi."

Nikamsikia Emelyne nyuma yangu.

"Pole mwalimu. Hayako wazi."

Nikageuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hakuacha kusema. "Kabla hatujamtafuta mtu, si tulitafute gunia kwanza? Jana ugali ulikuwa mdogo. Ina maana unga umeisha."

Haidari alikuwa ameshatoka nje, anaonyesha matope ya mlangoni. "Guta limesimama hapa, Madam. Hizi alama za tairi zinaingia tupu na kutoka na mzigo, ona zilivyozama. Zimeelekea mashineni."

"Amekwenda kusaga," alisema Emelyne. "Na gunia la mwalimu lilikuwa limefungwa kama ya mahindi."

Madam Mwanahija alinitazama. "Mwalimu Silvester, panda baiskeli."

Nilipiga pedali hadi mashineni huku nikiiona dunia nzima ikishuka kwenye mdomo wa mashine, Afrika ikitangulia. Nilipofika, foleni ilikuwa imesimama. Minza alikuwa mbele, mikono kiunoni, anabishana na mwenye mashine aliyetaka kujua shule yetu inawapikia watoto nini. Juu ya mzani ilikaa globu, nyeupe kwa vumbi la unga kutoka ncha hadi ncha, na watu walikuwa wanaizungusha kutafuta Mpanda.

"Mwalimu, nimeizuia isisagwe," Minza aliniambia. "Niliona gunia jepesi nikalifungua. Sijui ni nani mwenye utoto wa kuweka kitu cha shule kwenye magunzi."

Nikamwambia ni mimi. Alinitazama, akasubiri maelezo, nikampa. Ningeweza kuishia hapo, lakini nilijua darasa zima limesikia lile nililosema stoo, na lingemfikia kabla ya chakula cha mchana. Nikamwambia na hilo pia, kwamba mbele ya Mkuu na wanafunzi nilimfanya aonekane mwizi, na kwamba naomba anisamehe.

Minza alijikung'uta unga mikononi. "Ungeniuliza tu," alisema. "Nipo pale jikoni kila siku."

Mahindi yalipokwisha kusagwa, akanionyesha gunia la unga, nikalibeba hadi kwenye guta. Akanionyesha la pili, nikalibeba. Baiskeli nayo ikapakiwa juu, mimi nikarudi shuleni kwa miguu nyuma ya guta, nimeikumbatia globu. Wenye maduka walitoka kunitazama. Mmoja akaniuliza naihamishia wapi dunia.

Nilipofika, nilirudia maneno yangu ya radhi mbele ya darasa, Minza akiwa amesimama mlangoni na mwiko wake. Nilidhani Mkuu atapiga marufuku mchezo. Badala yake alisema uendelee kila Ijumaa, ila asitafutwe mtu ambaye hajakubali kucheza, na mimi nisitunge tena. Kidato cha pili wakamchagua Emelyne kuwa mtungaji. Waliniachia nafasi ya kuwa mshukiwa.

Ijumaa iliyofuata ilipotea kengele. Nilikalishwa kwenye benchi, Haidari akakagua soli za viatu vyangu, na Emelyne akaniuliza nilikuwa wapi tangu asubuhi. Nilijibu ukweli mtupu, nikijikwaa kila sentensi na jasho likinitoka kama mwizi wa kweli. Walijadiliana muda mrefu pembeni. Kisha wakaja kuniambia kwamba ushahidi hautoshi na niko huru kwenda. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu, nikaenda kumtafuta Eustace nimhadithie. Alikuwa anakula, akakataa kunisikiliza.