Kundi la Mama

Mama alisimama peke yake chini ya goli la mpira wa kikapu, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, na watu wa kata yetu nzima wakimtazama. Wale waliosimama naye mwanzoni walikuwa wameshamwacha. Mpishi wa shule alivukia upande wa madirishani, na mchungaji wetu kijana akaenda kwa wenye mabango ya bluu bila hata kumwangalia usoni. Koti la Mama nilikuwa nalo mimi, ng'ambo ya pili, kwenye kundi la Baba. Lilikuwa zito, na nililihamisha mkono huu na ule kwa kutojua la kufanya.

Hivyo ndivyo chama chetu kilivyokuwa kikichagua mgombea urais huku jimboni Iowa. Kura ya siri haikuwepo. Jioni moja ya Januari unaingia ukumbi wa michezo wa shule, unasimama na wenzako wanaomtaka mgombea wako, na jirani yako, bosi wako na mkwe wako wote wanaona umesimama wapi. Kila kundi hupata wajumbe wa kumwakilisha mgombea wake kulingana na wingi wa watu wake, na kundi dogo mno halihesabiwi. Waliomo hupewa nafasi ya kuhamia kwingine, na hapo ndipo kelele huanza, watu wakivutana mikono na kubembelezana kwa biskuti. Siku hizi tunatuma karatasi kwa posta. Wengine wanasema afadhali. Mimi kila mwaka wa uchaguzi sikaliki. Nazima televisheni, nawasha tena, natoka kuizunguka nyumba, mpaka mume wangu ananiuliza nimepoteza nini.

Jioni ile ilikuwa ya mwaka 2004. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sheria iliniruhusu kuwepo kwa sababu kufikia uchaguzi wenyewe wa Novemba ningekuwa nimetimiza kumi na minane. Kifuani nilibandika stika ya mgombea wa Baba.

Kaka yangu Toby alikuwa ameuawa Iraki msimu wa mavuno uliopita. Baba ndiye aliyempeleka mjini kujiandikisha jeshini, asubuhi moja ya Juni kabla vita havijaanza, kwa pikapu yake ya kijani. Mama alitoka mbio na mikate ya nyama aliyowafungia ya njiani, akakuta vumbi tu. Tangu mazishi hakukanyaga tena ndani ya pikapu ile. Kanisani tulikwenda na magari mawili, dukani magari mawili, na hata jioni ile Baba alitangulia na pikapu, sisi tukamfuata na gari la Mama. Nyumbani walizungumzia nguruwe na bili ya umeme. Toby hawakumtaja. Niliichukia hali ile kuliko msiba wenyewe, na niliogopa kwamba siku moja mmoja wao angewasha gari lake na asirudi.

Sasa Baba alikuwa kiongozi wa kundi la seneta aliyepiga kura vita vianze, na Mama amesimama kwa mgombea aliyeviita vita hivyo kosa.

"Ardith, shoga yangu, njoo huku!" Phyllis wa duka la mbegu alimwita, sahani ya biskuti mkononi. "Nimeoka zile za karanga unazozipenda."

"Kula mwenyewe, Phyllis. Umekonda."

Watu wakacheka, maana Phyllis hakuwa amekonda hata kidogo.

Bwana Duane, mwenyekiti wa mkutano, hakucheka. "Ardith, mtu mmoja si kundi. Hamia kwingine, au kakae vitini."

"Niandike hapa nilipo."

"Siwezi, dada. Ukibaki hapo ni kama hukuja."

"Basi andika sikuja, na huku unaniona."

Ndipo mzee Wendell, aliyepigana Korea na asiyekosa kofia yake ya jeshi, akaongea kutoka nyuma ya Baba. "Toby alikufa kwa ajili yetu sote, Ardith. Usimfanyie hivi."

Jezi ya Toby ya mpira wa kikapu ilikuwa pale pale ukutani, ndani ya kabati la kioo, pamoja na picha yake ya sare na bendera.

"Wendell," Mama akasema, "Toby alikuwa anaogopa nini?"

Wendell akaishika kofia yake, na Mama akajijibu mwenyewe.

"Ngurumo. Kijana wa futi sita. Radi ikipiga anateremka jikoni kukaa na mimi, anajifanya ana njaa. Hilo mbona hamkuliweka kwenye kioo chenu?"

Nilimtazama Baba. Hakuwa akijua. Niliona wazi usoni mwake kwamba hakuwa akijua.

Akanijia. "Nipe hilo koti."

Nilimpa kwa hofu, kwa sababu nilidhani anakwenda kumtoa Mama nje mbele ya watu. Alivuka uwanja taratibu na buti zake za shambani. Mama alipomwona anakuja, akajikaza.

"Sitoki, Verlyn."

"Nani kasema utoke? Kuna baridi."

Akamtupia koti mabegani. Kisha hakurudi. Alitia mikono mifukoni, akasimama ubavuni mwake na kuwatazama majirani zake.

"Verlyn, bwana, wewe ndiye kiongozi wa kule," Duane akasema. "Ukiwaacha, mnapoteza mjumbe mmoja."

"Najua kuhesabu, Duane."

Nilibandua stika, nami nikavuka. Tulikuwa watatu, na watatu hawakutosha. Kwenye karatasi ya matokeo hatukuwepo. Wenzake Baba walimnunia mpaka msimu wa kupanda mahindi.

Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Gari la Mama lilikuwa karibu na mlango, pikapu kule mwisho kwenye uzio. Mama alitoa funguo zake, akasimama nazo. Baba alikwenda zake kukwangua barafu kwenye kioo cha pikapu. Mama akazirudisha funguo mkobani, akamfuata. Niliingia kwanza, nikabanwa katikati, naye akakaa dirishani, mahali pa Toby.

Tuliyapita maghala ya mahindi.

"Ngurumo?" Baba akauliza.

"Tangu ana miaka minne."

Baba aliendelea kuendesha. Alikuwa analia, na hakujificha.

Mama akateremsha kioo kidogo, baridi ikatuingia sote. "Pikapu yako inanuka nguruwe," akasema.

"Inanuka," Baba akakubali.