Vadai za Siku ya Baba Mkwe

Tangu Muthaiah na mdogo wake Arunasalam wagombanie shamba la minazi, nyumba ya baba yao mjini Kumbakonam ilikatwa katikati kwa ukuta wa matofali, na wake zao wakakatazwa kusemezana. Senbagam, mke wa kaka mtu, alibaki upande wenye jiwe la kusagia. Mangai, mke wa mdogo mtu, aliangukia upande wa pili, akanunuliwa mashine ya umeme.

Ukuta wenyewe Senbagam aliuzoea. Kilichomshinda ni lile jiwe. Miaka yote ya ndoa zao yeye ndiye aliyezungusha mchi wa jiwe ndani ya shimo lake, na Mangai akilisukuma rojo la choroko kwa mkono lirudi katikati. Mchi ukija mkono unatoka, mchi ukipita mkono unaingia, nao huku wanawateta waume zao bila hata kutazama chini. Hata siku moja Mangai hakuumia ukucha. Sasa Senbagam alizungusha kidogo, akaacha, akasukuma, akaanza upya, na jikoni palikuwa kimya hata akasikia mashine ya mwenzake ikinguruma nyuma ya matofali.

Ilipofika siku ya kumkumbuka baba mkwe, kila ndugu aliita kuhani wake. Senbagam aliloweka choroko nyeusi zilizokobolewa za kupikia vadai, yale maandazi ya choroko yenye tundu katikati, akasaga, akatia pilipili manga, tangawizi na majani ya bizari. Kitunguu hakitiwi siku hiyo. Alipodondosha tone la rojo kwenye bakuli la maji ili aone kama litaelea, likazama; vadai zingekuwa ngumu. Muda ulikuwa umekwisha, akazikaanga vadai vivyo hivyo.

Akapanda juu ya paa na jani la mgomba lenye wali na vadai, awaite kunguru. Wasipokula wao kwanza, hakuna mtu nyumbani anayegusa chakula, maana marehemu huja kula kwa mdomo wao. Aliita mpaka koo likamkauka. Kunguru wote walikuwa upande wa pili wakinyang'anyana vadai za Mangai. Huko juu ukuta haukufika. Palikuwa na kizuizi cha kimo cha goti tu, na Mangai alikuwa amesimama papo hapo.

"Labda hawajui kama siku hizi kuna majiko mawili," Mangai alisema, macho yake kwa kunguru.

"Baba mkwe siku zote alikupenda wewe."

"Alipenda vadai laini. Hebu lete nione." Akanyoosha mkono, akaiminya moja. "Dada, hii ni ya kumpigia mwizi."

Senbagam alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. "Sasa ningesukumiwa na nani?"

Mangai akairudisha vadai kwenye jani. Akamwambia kwamba mwezi ujao wanahamia mji wa mbali, Tiruppur. Arunasalam amepata kazi kwenye kiwanda cha fulana.

Kunguru mmoja akaruka, akatua, akadonoa wali wa Senbagam. Toka chini Muthaiah, njaa imemuuma, aliuliza kama baba amekula. Senbagam akaitikia kuwa amekula, lakini hakushuka.

Mchana uliofuata, waume wakiwa wamelala, Mangai alivuka kile kizuizi. Walisaga rojo lisilokuwa na shughuli yoyote, wakakaanga, wakala zote wenyewe pasibaki ushahidi. Wakafanya hivyo tena na tena, mpaka siku lori lilipokuja kubeba vyombo.

Mvua zilikuwa zimeanza Mangai alipopiga simu. Alisema majirani zake wa Tiruppur hununua rojo dukani, limefungwa kwenye mfuko. Kisha akauliza, "Dada, choroko zinalowekwa muda gani?"

Mangai alikuwa akiloweka choroko tangu hajavunja ungo. Senbagam aliketi chini, akaegemea ukuta.

"Saa moja, mbili hivi. Ukizidisha zitakunywa mafuta. Uchuje maji yote, na ukisaga nyunyiza tu, maji ya baridi."

"Halafu?"

"Halafu lowesha mkono, chukua donge, litoboe katikati kwa kidole gumba, liteleze lenyewe kwenye mafuta."

"Moto uwe vipi?"

"Wa wastani. Ukiwa mkali, ndani hazitaiva."

Kwenye simu zilisikika pikipiki za mtaa ambao Senbagam hakuujua.

"Sikushika vizuri," Mangai akasema. "Anza tena pale pa kuloweka."

Senbagam akaanza tena.