Mstari wa Ngamia wa Kitovu

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Ayan alikuwa uani kwao, mtaa wa Waberi, akifukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mgunga. Wingu la gesi kutoka mbali sana angani likashuka, likatua kati ya tangi la maji na kamba ya nguo.

Jua lililipenya, na ukutani zikaanguka rangi zenye mistari myeusi. Ayan, mwalimu wa fizikia, aliisoma, maana kila elementi ina mistari yake. Kaboni ilikuwa nyingi; chuma karibu hakuna.

"Ni majivu ya nyota za kwanza, Aabo," alimwambia baba yake. "Zenyewe zilikufa zamani. Kilichobaki ni alama ya kile zilichotoa."

"Lisizuie ngamia kupita," alijibu Yakub.

Ngamia hao walikuwa mahari ya Keynan, kaka yake Ayan. Wakwe walikuwa wamekwisha kufika kutoka Masalani kuwachukua. Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea langoni, basi walipitishwa ndani ya wingu, mmoja mmoja, na kila aliyepita aliangusha ukutani mstari uleule wa rangi ya mchanga.

"Huu haumo vitabuni, Aabo. Waujua?"

"Siujui."

Aliujua. Ilikuwa rangi ya ngamia jike aliyempa Ayan siku kitovu chake kilipofungwa, zawadi ambayo uzao wake wote ni mali ya mtoto. Mwaka wa ukame alimwambia binti yake kwamba yule ngamia amekufa na hakuna kilichosalia. Kufa, alikuwa amekufa kweli.

Mzee wa wakwe aliutazama ukuta.

"Wallahi, wote wa mama mmoja. Mali ya nani hii?"

"Ya mzee wetu, ya nani tena?" alisema Keynan. "Au ya wingu?"

Wakacheka. Ayan hakucheka, alimtazama baba yake, kibuyu kikifuka moshi mikononi mwake. Yakub alifungua kinywa.

"Bismillahi," alisema. "Mpitisheni wa mwisho, jua linazama."

Ngamia waliondoka. Wingu lilibaki, na Ayan akaihamisha kamba ya nguo.

Kila alasiri Yakub huenda kwenye tangi kutawadha. Hupita ndani ya wingu, na yeye pia huangusha ukutani mstari wa rangi ya mchanga, kwa kuwa maziwa ya ngamia wale ameyanywa miaka yote. Ayan humshikia birika. Juzi Yakub aliagiza ukuta upakwe chokaa. Mstari sasa unaonekana vizuri zaidi.